Nataka bastola ya upepo ya gesi yenye nguvu ya kweli, nichukue ipi?

KopoTupu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie kabla sijafanya ujinga na hela yangu.

Mwezi uliopita jamaa yangu aliniita kwake tukalenge makopo. Ana bastola ya upepo, Walther CP88, ile inayotumia kichupa cha gesi cha gramu 12. Kitu kizito, chuma kitupu, ukiishika unajisikia mtu. Nilimaliza vichupa viwili peke yangu, yeye kakaa pembeni ananiangalia kama mtu aliyeazima baiskeli akajuta. Tangu siku hiyo sina raha, nataka ya kwangu.

Shida ni kwamba ile yake niliiona haina nguvu. Makopo ya soda inatoboa vizuri. Lakini kopo la maziwa ya unga, lile la bati gumu, ukilipiga kutoka mita 15 peleti inabonyeza tu halafu inadondoka chini kama embe bovu. Mimi nataka ya kuingilia huku na kutokea kule.

Nimezungukia tatu. Ya kwanza ni mfano wa bastola ya kijeshi, ina magazini, sehemu ya juu inarudi nyuma kila ukipiga, inatumia gololi za chuma. Boksi linasema mita 150 kwa sekunde. Ya pili ni hiyohiyo CP88 lakini ya mtutu mrefu. Ya tatu ni Crosman 2240, unaweka peleti moja moja, ya milimita 5.5, boksi linasema mita 140 kwa sekunde. Hii ya tatu kwa sura, samahani kwa wenye nayo, ni bomba la maji lililofungwa kitako.

Kwa hesabu yangu ya haraka ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana spidi ni kubwa. Au nakosea?

Matumizi ni makopo na karatasi uani, kati ya mita 10 na 20. Pia stoo ya chakula cha kuku ina panya wamenenepa kuliko kuku wenyewe, ningependa kuwapunguza. Mambo ya kibali nimeshayamaliza kwa wahusika, kwa hiyo huko tusirudi.

DogoSpidi

Mchagua jembe si mkulima, mkuu. Spidi ndiyo kila kitu, chukua hiyo ya 150. Na ile inavyoruka mkononi, utasahau hata makopo.

FundiOringi

KopoTupu, msikilize DogoSpidi kwa makini halafu ufanye kinyume. (Hatuna ugomvi, mdogo wangu, ila hapo umempeleka mwenzio porini.)

Spidi peke yake haikwambii kitu. Nguvu ya peleti, inayopimwa kwa jouli, ni nusu ya uzito wake kwa kilo, zidisha kwa spidi, zidisha tena kwa spidi. Shika kalamu. Gololi ya chuma ina gramu 0.35 hivi. Ikienda mita 150 kwa sekunde unapata karibu jouli 4. Peleti ya 4.5 kwenye CP88 ya jamaa yako ina nusu gramu na inakwenda kama mita 120 kwa sekunde, hapo ni jouli 3.6. Umeona? Ile unayotaka kuikimbilia ndiyo uliyoikimbia, imebadilisha koti tu. Sasa njoo kwenye bomba lako la maji. Peleti ya 5.5 ya kawaida ina gramu 0.93. Kwa mita 140 ni jouli 9. Spidi ni ndogo kuliko ya gololi na kipigo ni zaidi ya mara mbili. Kopo lako la maziwa litajua hilo kabla yako.

Halafu hiyo namba ya boksi uichukulie kama umri anaotaja mtu anayetafuta mchumba. Mara nyingi wanapima kwa peleti nyepesi kuliko zote, za aloi, siku ya joto, kichupa kipya. Nina kipima spidi mezani kwangu, nimeshapitisha bastola nyingi mbele yake, na zilizofikia namba ya boksi kwa peleti nzito za madini ya risasi ni za kuhesabu.

Kuhusu ile ya kuruka mkononi, jiulize nani analipia huo mruko. Ni gesi yako. Sehemu ya gesi iliyopaswa kusukuma kinachotoka inatumika kurudisha chuma nyuma. Kwa hiyo kichupa kinaisha mapema, nguvu inapungua, na baridi inaingia haraka (hiyo baridi nitaisema hapa chini, ndiyo kesi kubwa). Na mtutu wake wa gololi ni laini ndani, hauna mifereji. Gololi haizunguki ikitoka, inaenda inakotaka. Mita 6 utaipenda. Mita 15 utaanza kulaumu macho yako.

Peleti ni kitu kingine. Iangalie vizuri siku ukipata moja: ina kichwa, ina kiuno, na nyuma ina sketi. Gesi ikigonga pale nyuma, ile sketi inatanuka na kushika mifereji ya mtutu, peleti inatoka inazunguka kama pia. Ndiyo maana inafuata mstari. Ukinunua, kwa karatasi chukua zenye kichwa bapa, zinakata tundu la duara safi hata kuhesabu alama ni raha. Kwa mita 20 chukua zenye kichwa cha mviringo. Zile zilizochongoka zinauzwa kwa sura yake tu, mimi sijawahi kuona faida yake.

CP88 ya mtutu mrefu si mbaya. Zipo za inchi 4 na za inchi 6, na huo urefu unakuongezea kama mita 15 kwa sekunde, kwa sababu gesi inapata muda zaidi wa kusukuma kabla peleti haijatoka. Ni bastola nzuri sana mkononi, kisahani chake kinabeba peleti 8. Lakini bado uko chini ya jouli 5. Ile 2240 mtutu wake ni inchi 7 na ushei, na peleti ni nzito. Gesi hii inapenda vitu vizito. Haikimbizi peleti nyepesi sana, ila ukiipa mzigo inausukuma.

Sasa baridi. Ndani ya kile kichupa kuna hewa ukaa, ileile ya kwenye soda, na sehemu kubwa iko katika hali ya majimaji, si mvuke. Kila ukipiga, kidogo kinachemka na kuwa mvuke kujaza nafasi iliyoachwa. Uzuri wake ni kwamba shinikizo linabaki palepale hadi yale maji yaishe, hakuna haja ya kifaa cha kurekebisha. Ubaya wake ni kwamba shinikizo lenyewe linapangwa na joto. Kwa nyuzi 20 ni kama bar 57. Kwa nyuzi 30 linapanda hadi 72. Kwa nyuzi sifuri linashuka hadi 35. Na ule mchemko unakula joto la bastola yenyewe. Piga 10 mfululizo bila kupumua, kisha gusa bomba la gesi: limekuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na peleti zako zinaanza kupiga chini.

Nilipima yangu siku moja. Asubuhi, nyuzi 12, ilitoa mita 120 kwa sekunde. Mchana wa siku hiyohiyo, nyuzi 27, bastola ileile na peleti za kopo lilelile, mita 137. Ukiweka kwenye ile hesabu ya kwanza ni jouli 6.7 asubuhi na 8.7 mchana. Basi mtu akikuuliza bastola yako ina nguvu gani, muulize kwanza saa ngapi.

Usiiweke juani ili ipande nguvu. Najua utafikiria hivyo maana hata mimi nilifikiria. Shinikizo likizidi, nyundo ya ndani inashindwa kufungua vali vizuri, unapata mlio mdogo na peleti inayochechemea. Na vichupa vyenyewe havitakiwi kuachwa kwenye gari lililofungwa juani.

Kwa hiyo jibu langu ni 2240, piga moja moja, hesabu hadi kumi na tano kati ya mpigo na mpigo. Sura utaizoea. Nimeoa, najua ninachosema.

DogoSpidi

Fundi umeniua mbele za watu. Ila gololi ni rahisi na zinapatikana, si anaweza kutumia gololi kwenye hiyo ya mifereji?

FundiOringi

Hapana hapana hapana. Gololi ya chuma kwenye mtutu wa mifereji inaikwangua mifereji, na mtutu ukishakwanguliwa haurudi.

Na kuna lingine. Miaka ya mwanzo nilikuwa na bastola ya gololi. Niliegemeza ubao mgumu ukutani, nikabandika karatasi, nikasimama mita 5 hivi. Mpigo wa nne au wa tano nikasikia "tii" halafu kitu kikanigonga kwenye kioo cha miwani, upande wa kulia, karibu na pua. Gololi ilikuwa imegonga ubao, ikageuza, ikanirudia. Ile miwani ilikuwa ya kazi, ya kuchomelea na kusaga, nilikuwa nimeivaa kwa bahati tu kwa sababu nilikuwa nimetoka kusaga kitu. Bado ninayo. Ina alama kama jicho la samaki. Mtu akija kwangu kujifunza, namwonyesha hiyo kabla sijamwonyesha bastola.

Peleti ya risasi ni laini, inapondeka inapogonga, hairudi kirahisi hivyo. Lakini nayo inaweza kurudi, kwa hiyo miwani haina mjadala, kwa anayepiga na kwa wanaotazama.

MamaShabaha

Habari za jioni. Ndugu KopoTupu, mimi napiga bastola ya mita 10, ile ya mashindano, kwa hiyo naomba niseme kitu kinachopingana kidogo na kaka Fundi.

Bastola sahihi kuliko zote za upepo hazina nguvu. Zile za Olimpiki, ambazo ziliingia kwenye michezo hiyo Seoul mwaka 1988, ni za milimita 4.5 na zinarusha peleti ya nusu gramu kwa kama mita 150 kwa sekunde. Piga ile hesabu ya Fundi, haifiki hata jouli 6. Na duara la alama 10 tunalolenga kutoka mita 10, kwa mkono mmoja, lina upana wa milimita 11.5. Zamani nyingi zilitumia gesi hii hii ya hewa ukaa. Baadaye watengenezaji wakahamia hewa iliyoshindiliwa, na sababu mojawapo ni hiyo baridi mnayoizungumza. Mshindani hawezi kukubali mpigo wa kwanza na wa sitini viwe na tabia mbili.

Ninachotaka kusema ni kuhusu triga. Hiyo 2240 ikitoka kiwandani triga yake ni nzito na inakwaruza. Niliwahi kuazimwa moja. Unavuta, inagoma, unaongeza, inagoma, na wakati inaachia kidole chako kimeshasogeza mtutu wote kushoto. Sisi tunaruhusiwa triga isiyopungua gramu 500 za mvuto, na watu wengi huweka hapohapo juu kidogo ya kikomo. Ukizoea hiyo, ya 2240 utadhani unafungua kopo la rangi kwa kidole.

Ukiwa mpya, triga itakukosesha kopo mara nyingi kuliko jouli. Kabla hujanunua, omba uruhusiwe kuvuta triga bila peleti, mara kumi, ukiangalia kilengeo cha mbele. Kisipotulia wakati triga inaachia, rudisha mezani.

Na kitako kikutoshe mkono. Mimi nina vidole vifupi, CP88 kwangu ni kama kushika tofali.

FundiOringi

Dada MamaShabaha kasema kweli na sina la kumpinga. Triga ya 2240 inataka adabu. Inalainika kwa matumizi, na mwenye mkono wa kazi anaweza kusugua zile sehemu mbili zinazosuguana ndani zikang'aa. Ila usiguse springi ya triga kama hujui unachofanya. Nimeshaletewa bastola iliyokatwa springi na mwenyewe, ukiigonga mezani inajifyatua. Hiyo imekuwa mtego, si bastola tena.

Pampu200

Mnazungumzia nguvu mnabaki kwenye gesi, nawashangaa. KopoTupu, ukitaka nguvu kweli tafuta ya hewa iliyoshindiliwa. Mimi nina Benjamin Marauder ya bastola, 5.5, peleti 8, unajaza hadi bar 200 na ushei. Boksi linasema mita 213 kwa sekunde. Kwa peleti nzito mimi napata jouli 16. Baridi haiisumbui kama hizo zenu.

Ukweli wa upande wa pili nao niseme. Pampu ya mkono inatoa jasho. Mke wangu ananisikia nikihema uani anauliza kama naumwa. Na si bastola ya kuvaa kiunoni, ni ndefu, wengi tunaifunga kitako cha begani na darubini, mwishowe umebeba kibunduki. Bei ya bastola ni moja, pampu ni nyingine.

KopoTupu

Jamani, nimejifunza kwa jioni moja kuliko mwezi mzima wa kuangalia video. Pampu200 nakushukuru mkuu, ila mimi ni mvivu, kilichonipendeza kwenye gesi ni kwamba unakaza kichupa unaendelea na maisha.

Maswali matatu kwa Fundi. Kichupa kimoja cha 2240 ni mipigo mingapi? Nitajuaje kimeisha? Na nikipiga 20 nikachoka, nikiacha kichupa ndani hadi kesho kuna shida?

Na panya hamjanijibu.

FundiOringi

Kichupa kimoja mimi nahesabu 35 nzuri. Wengine wanasema 40, nao hawadanganyi, wanahesabu na ile mibovu ya mwisho.

Kuisha utakusikia kwa sikio. Mpigo mzuri una mlio mkavu, "paa". Yale maji ndani yakiisha, kinachobaki ni mvuke mtupu na shinikizo linaporomoka kila mpigo. Mlio unakuwa "puu", kama mtu anayezima mshumaa, na tundu kwenye karatasi linashuka. Ukisikia "puu" mbili, acha hapohapo. Usijaribu bahati, maana peleti inaweza kukwama katikati ya mtutu, wewe ukadhani imetoka, ukaweka nyingine nyuma yake. Ikitokea umepiga na hukuona tundu wala kusikia kitu kikigonga, simama, toa gesi yote, pitisha kijiti cha kusafishia kutoka mbele. Nimetoa peleti nne zilizopangana kama foleni kwenye mtutu mmoja. Mwenyewe alikuwa ananiambia bastola imechoka.

Kuacha kichupa ndani usiku mmoja haitakuua, lakini ndiyo tabia inayoniletea wateja. Shinikizo linakaa linaikandamiza mipira ya ndani ya kuziba gesi, zile oringi, usiku kucha, wiki, mwezi, siku moja unasikia "ssss" na huko ndiko nilikopata jina. Halafu bastola yenye gesi ndani ni bastola hai. Ukimaliza, maliza gesi kwa kupiga sehemu salama, ndipo ufungue. Na usifungue kofia ya bomba la kichupa ikiwa na gesi nyingi, itakurukia na ile baridi itakuunguza vidole kama moto.

Wakati wa kuweka kichupa: tone moja la mafuta ya silikoni kwenye shingo yake, moja tu, si kukaanga samaki. Tone hilo linabebwa na gesi hadi kwenye mipira na kuilainisha. Usitumie mafuta ya bawaba wala chochote ulichokikuta gereji, yapo yanayoharibu mpira. Kaza kwa mkono, ukisikia imetoboka na mlio wa kuvuja umekata, simama. Watu wanakaza kama nati ya tairi. Hapo unapasua sili halafu unalaumu kiwanda.

Panya. Hapa nitakukatisha tamaa. Jouli 9 ni mdomoni mwa mtutu, siku ya joto. Kwa mita chache, kichwani kabisa, inatosha. Lakini wewe bado hujui kama unaweza kuweka peleti 10 ndani ya duara la sarafu kutoka umbali huo, kwenye giza la stoo, panya akitembea. Ukimpiga tumboni anaingia ukutani anakufa siku tatu baadaye, na harufu utaishi nayo. Lingine hukulifikiria: ni stoo ya chakula cha kuku. Peleti ni risasi tupu, sumu. Ikibaki kwenye pumba, kuku anadonoa kila kinachong'aa. Weka mitego, ziba matundu. Bastola iache uani.

Ndiyo maana nasema nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kulenga, kabla hujashika chakula. Lugha yetu imelimaliza zamani, kitu kinachotoka mtutuni na madini yenyewe tunaviita jina moja.

Nyuma ya shabaha weka boksi gumu lililoshindiliwa nguo kuukuu, na nyuma ya nguo weka ubao mnene. Nguo zinaifyonza peleti, ubao unazuia iliyopenya. Kila baada ya vichupa vichache geuza zile nguo, zinachimbika tundu katikati. Na hakikisha nyuma ya boksi kuna ukuta, si njia ya watu.

Suala la kikomo cha nguvu nalo liangalie kwenye kibali chako, najua umesema tusirudi. Uingereza, kwa mfano, bastola ya upepo haitakiwi kuzidi futi-pauni 6, yaani jouli 8 na kidogo, na Ujerumani zinazouzwa bila leseni mwisho jouli 7.5. Usije ukaongeza mtutu mrefu na springi ngumu kwa sababu umeona video, ukajikuta una kitu ambacho karatasi yako haikitambui. 2240 inabadilishika sana, vipuri vyake ni vingi hadi sehemu ya juu ya chuma ya kufungia darubini, na huo ndio ugonjwa wake.

MamaShabaha

Naongeza moja dogo. Usiibebe mkononi barabarani hata kwa hatua kumi. Kwa mbali hakuna anayejua ni ya peleti. Mimi yangu inakaa kwenye sanduku lake, imefungwa, haina gesi, hadi nifike pa kulengea.

KopoTupu

Wakuu, mrejesho. Nimechukua 2240. Kabla sijalipa nilivuta triga mara kumi kama dada alivyosema, muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. Ni nzito kweli, lakini ile ya kuruka niliyoijaribu baadaye ilikuwa na safari ndefu zaidi, nikaona bora nzito inayojulikana.

Jumamosi nilikuwa uani na boksi la nguo. Mita 10, peleti za kichwa bapa, nimeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Tano za kwanza zilitawanyika kama mtu aliyerusha punje. Nikapumzika, nikaanza kuhesabu kumi na tano kati ya mpigo na mpigo. Tano zilizofuata zikaingia kwenye eneo la kifuniko cha chupa ya soda, isipokuwa moja ambayo naijua, nilikohoa. Zote zilikuwa chini ya alama, nikapandisha kilengeo cha nyuma kidogo kidogo hadi zikapanda. Kwa mita 20 zinashuka tena, zaidi ya kiganja.

Kopo la maziwa, mita 15. Iliingia, ikatoka. Nimeliweka dirishani, mwanga unapita.

Sasa tatizo. Kichupa cha kwanza kilipoisha nilifungua kofia, nikataka kuweka cha pili, kofia ikagoma kuingia. Nimeangalia, ile oringi yake imevimba, imekuwa kubwa kuliko nafasi yake, inatoka nje kama mdomo wa aliyeng'atwa na nyuki. Nimelazimisha kidogo nikaogopa. Nimeshaiharibu siku ya kwanza?

FundiOringi

Hujaharibu. Mpira unakunywa gesi ukiwa kwenye shinikizo, ukiutoa ghafla ile gesi inatanuka ndani yake na unavimba. Usiulazimishe, utaukata. Utoe taratibu kwa kijiti cha meno, si kwa bisibisi, uweke mezani. Baada ya saa moja au mbili utarudi ulivyokuwa.

Ukipita dukani chukua nyingine ya saizi hiyohiyo. Moja ikivimba unavaa ya pili.

KopoTupu

Imerudi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kulalamika kwa muuzaji, nimeifuta.